Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Michezo: Jezi za Lubumbashi Ziwafikie Watoto wa Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo,
Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Lubumbashi,
Kwa viongozi wa FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, na LINAFOOT, ligi ya taifa,
Kwa marais wa TP Mazembe, FC Saint-Éloi Lupopo, Lubumbashi Sport na Don Bosco.

Waheshimiwa, baba zetu na mama zetu,

Nawaandikia kwa heshima zote juu ya jambo linaloweza kuonekana dogo katika mji unaosumbuliwa na umeme wa kukatikakatika na barabara zilizochoka, nalo ni jezi za mpira. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika komini ya Katuba, na baada ya masomo huwasimamia wanafunzi wanaocheza katika kiwanja cha vumbi kilicho nyuma ya madarasa. Ukiwatazama wakikimbia utaona Barcelona, Real Madrid, Manchester City na Paris Saint-Germain, na tangu Messi ahamie Marekani utaona pia ile jezi ya waridi ya Inter Miami. Nyeusi na nyeupe ya Mazembe huonekana mara chache, na njano na buluu ya Lupopo ni nadra zaidi, ingawa watoto hao hao wanaweza kwenda kwa miguu hadi komini za Kamalondo na Kenya, kwenye viwanja vikubwa vya mji wetu. Ombi langu kwenu ni kwamba jezi halali za timu za mji huu zishonwe, zipatikane sokoni, na ziuzwe kwa bei anayoimudu mzazi wa Katuba au Ruashi. Na kwamba serikali, ambayo imepata njia ya kuliandika jina la nchi yetu kwenye jezi za Barcelona, ipate njia ya kulisaidia jambo hili pia.

Sina nia ya kuwalaumu watoto, wala ya kuwaambia wakubwa waache kuangalia Ligi ya Uingereza. Mpira wa huko unachezwa vizuri na kuonyeshwa vizuri, na mtu ana haki ya kupenda kizuri popote kilipo. Kinachoniuma ni kauli ninayoisikia mara kwa mara, tena kutoka kwa watu wenye madaraka, kwamba watu wa hapa hawaupendi tena mpira wa kwao na kwa hiyo hakuna sababu ya kuwekeza humo. Kauli hiyo si ya kweli, na mji huu una ushahidi wa kutosha wa kuikanusha.

Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges, na Lupopo, ambayo hadi leo inajulikana kuwa timu ya watu wa reli, ni ya mwaka huo huo. Mazembe ilikuwa ikibeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, ilipochukua Kombe la Mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na kulichukua tena mwaka 1968. Mwaka 1973 beki wake, Bwanga Tshimen, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika akiwa anacheza nyumbani. Kizazi cha wanafunzi wangu hakikuyaona hayo, lakini wazazi wao walikuwapo mwaka 2009 na 2010, Mazembe ilipotwaa Ligi ya Mabingwa mara mbili mfululizo, na walikuwapo mwezi Desemba 2010, siku ile ya Abu Dhabi tulipoifunga Internacional ya Brazili mabao mawili kwa sifuri, Kabangu na Kaluyituka wakifunga na kipa Kidiaba akisherehekea kwa kurukaruka ameketi mbele ya lango lake. Kwa ushindi ule Mazembe ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Klabu Bingwa Dunia. Tulifungwa na Inter Milan mabao matatu, na bado watu wa mji huu wanaisimulia safari ile kwa fahari. Mwaka 2015 lilikuja taji la tano, wakati huo Mbwana Samatta wa Tanzania akiwa mshambuliaji wetu. Na mwezi Novemba 2024 dada zetu wa Mazembe walikwenda Morocco wakaifunga AS FAR kwao, wakarudi na Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika. Mji wenye historia ya namna hii hauhitaji kufundishwa kuipenda timu yake. Unahitaji kupewa nafasi ya kuyaonyesha mapenzi hayo, na nafasi iliyo rahisi kuliko zote kwa mtoto ni nguo anayoivaa.

Naomba niwaeleze nilichokiona mwenyewe. Niliwapa wanafunzi wa darasa la nne karatasi na kalamu za rangi, nikawaomba kila mmoja achore jezi ya timu ambayo angependa kuichezea atakapokua. Nyingi zilikuwa na mistari ya buluu na nyekundu ya Barcelona. Mvulana mmoja alichora mamba aliyeuma mpira, yaani nembo ya Mazembe, akamchora kwa uangalifu mkubwa mpaka jino la mwisho. Lakini alipofika kwenye jezi yenyewe akasita, akanyanyua kichwa na kuniuliza kama mistari yake inasimama au inalala. Mtoto huyu anayajua majina ya wachezaji, anaijua nembo, anasikia kelele za uwanja kutoka nyumbani kwao upepo ukivuma upande wake, lakini hajawahi kuishika jezi ile mkononi kiasi cha kukumbuka mistari yake. Msichana aliyeketi nyuma yake, ambaye babu yake alifanya kazi reli, akauliza, “Mwalimu, ile ya Lupopo wanaiuzia wapi?” Darasa zima halikuwa na jibu, nami pia sikuwa nalo.

Basi nikaenda kutafuta, kwanza Soko la Kenya, kisha Njanja, kisha kwenye maduka ya mjini. Jezi za Ulaya zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba kuanzia za mtoto anayeanza kutembea hadi za mtu mzima mnene, kila moja katika mfuko wake wa plastiki, na nyingi zikiwa na kaptula yake. Nilipotaja Mazembe, muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu, alivuta jezi ya Juventus, akaifunika nembo kwa kiganja, akaniambia, “Baba, chukua hii, rangi ni zile zile.” Nilipotaja Lupopo akatafuta kwa muda, akanionyesha ya Boca Juniors ya Argentina, kwa kuwa nayo ina buluu na njano. Kwa muuzaji mwingine nilipata hatimaye ya Mazembe yenyewe. Jina la timu lilikuwa limebandikwa kwa pasi, herufi ya M imeanza kunyanyuka pembeni kabla jezi haijaonja maji, na saizi ya mtoto haikuwapo. Nikamuuliza kama watu hawaziulizii. Alinijibu kwamba wanaziulizia, na wiki ya derbi, mechi ya Mazembe na Lupopo, wanaziulizia sana, ila hakuna anayewaletea.

Waheshimiwa, jibu hilo la muuzaji nawaomba mlipime kwa makini, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Jezi za Barcelona zinazouzwa sokoni kwetu karibu zote ni za kuiga. Zinashonwa Asia, zinashushwa katika bandari ya Dar es Salaam, zinapanda malori, zinapita Tunduma, zinavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa, safari ya barabara ya karibu kilomita 2,000, na bado zikifika hapa mzazi anaweza kuzinunua. Ile halisi huko Ulaya huuzwa takriban euro 100, fedha ambazo familia nyingi za Katuba haziwezi kuzitoa kwa nguo moja ya mtoto. Kwa hiyo mtoto wetu anapovaa Barcelona, klabu ya Barcelona haipati kitu, klabu za Lubumbashi hazipati kitu, na fundi wa Lubumbashi hapati kitu. Kama jezi ya kuiga inaweza kusafiri kutoka upande wa pili wa dunia mpaka kwenye kamba ya Soko la Kenya, haiwezekani kwamba jezi ya Kamalondo imeshindwa kufika Katuba kwa sababu ya umbali au kwa sababu ya kukosa wateja. Imeshindwa kufika kwa sababu hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuifikisha.

Ipo sababu nyingine ambayo watu huizungumza majumbani tu, na naona ni wajibu wangu kuiandika kwa kuwa inawahusu ninyi moja kwa moja. Wapo wazazi walio na jezi ya Mazembe au ya Lupopo kabatini na wasiowaruhusu watoto kuivaa barabarani. Siku ya derbi wanahofia mawe, kwa sababu mtoto mwenye njano akipita katikati ya kundi lenye nyeusi na nyeupe, au kinyume chake, lolote linaweza kumpata, na sisi walimu tumewahi kuwafungia watoto getini mpaka makundi yapite. Siku nyingine wanahofia siasa. Timu zetu mbili kubwa zimewahi kuongozwa na watu waliokuwa magavana, na kwa macho ya baadhi ya watu mwenye kuvaa jezi ametangaza upande wake, hata kama ni mtoto wa miaka tisa anayependa chenga tu. Jezi ya mbali haina hatari hiyo. Ukivaa Real Madrid katika mtaa wa Lubumbashi hakuna atakayekuuliza wewe ni wa nani. Hiyo ni sababu ya maana kabisa ya mzazi kuchagua jezi ya mbali, na hakuna tangazo la kizalendo litakaloiondoa. Itaondolewa na polisi wanaozuia fujo badala ya kufika baada yake, na viongozi wa timu wanaotembea pamoja wakiwa wamevaa rangi zao wiki nzima kabla ya mechi, wakiwaambia washabiki wao hadharani kwamba mtoto aliyevaa rangi ya mpinzani haguswi.

Sasa nije kwako, Mheshimiwa Waziri wa Michezo. Mwezi Julai 2025 ulitangazwa mkataba kati ya serikali yetu na FC Barcelona, wa misimu minne, ambao unaliweka jina la Kongo na maneno ya kuisifu kuwa moyo wa Afrika nyuma ya jezi za mazoezi za timu ya wanaume na ya wanawake. Vyombo vya habari vimeandika kwamba thamani yake inazidi euro milioni 40. Kabla yake ilikuwapo mikataba mingine, na AS Monaco na AC Milan. Naielewa hoja ya serikali. Tangu mwaka 2018 tumeliona jina la jirani yetu Rwanda kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, kisha kwa Paris Saint-Germain, kisha kwa Bayern Munich, huku ndugu zetu wa Goma na Bukavu wakipitia waliyoyapitia, na ni haki kutaka dunia ilisikie jina letu pia kwa njia ya heshima. Naelewa vilevile kwamba katika mkataba wa Barcelona mna mafunzo ya michezo kwa vijana wa Kongo, na nitafurahi siku mafunzo hayo yatakapofika Katuba.

Lakini naomba tuitazame njia ambayo fedha hizo zinapita. Zinatoka kwa mlipa kodi wa Kongo, zinakwenda kwa klabu iliyo miongoni mwa tajiri kuliko zote duniani, ili jezi ya klabu hiyo iliseme jina letu. Zamani kampuni ya matairi ya kigeni ililipa ili jina lake libebwe na timu ya Lubumbashi, kwa kuwa iliona timu hii inatazamwa na inapendwa. Leo nchi yenye timu iliyotwaa taji kubwa la Afrika mara tano inalipa ili ibebwe na timu ya watu wengine, wakati timu hiyo yake inaliandika jina la Kongo katika kila kombe inaloshiriki bila kulipwa kwa kazi hiyo. Mtalii anayeiona jezi ya mazoezi ya Barcelona akaamua kuja Kongo atashuka uwanja wa ndege wa Luano au wa N’djili akitaka kununua kumbukumbu ya mpira wa nchi hii, na hatapata pa kuinunua. Sikuombi uuvunje mkataba uliokwisha kutiwa sahihi. Naomba kwamba kwa kila fungu linalokwenda Barcelona, sehemu yake, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa maandishi kwa ajili ya jezi na viwanja vya klabu za nyumbani, na kwamba hesabu yake itangazwe ili kila raia aione.

Wako watakaosema kwamba haiwezekani kumfanya kijana wa Kiafrika wa leo avae jezi ya kwao. Tazameni basi Dar es Salaam, mji ambao tunafanya nao biashara kila siku na ambao lugha yake tunaielewa. Huko kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, Simba huadhimisha siku yake na Yanga huadhimisha Wiki ya Mwananchi, na katika sherehe hizo jezi mpya za msimu huvaliwa na uwanja mzima. Muuza matunda amevaa nyekundu, dereva wa daladala amevaa kijani na njano, akina mama wanakwenda sokoni na jezi juu ya kanga. Watu hao hao jioni wanaangalia Arsenal na Manchester United na kubishana mpaka usiku, na hakuna anayeona kwamba penzi moja limelifukuza jingine. Hilo halikuja lenyewe. Klabu zilitia mikataba na kampuni za huko huko zinazosambaza jezi mikoani, na mwaka 2021 shirikisho lao lilitia sahihi mkataba wa televisheni na Azam wa miaka 10, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225, kwa hiyo mshabiki anajua mechi ya timu yake itachezwa siku gani, saa ngapi, na ataiona wapi. Samatta alitoka Simba akaja kwetu mwaka 2011 kwa sababu wakati ule sisi ndio tuliokuwa mbele. Naomba tujiulize kwa dhati ni nini wenzetu wamekifanya tangu wakati huo ambacho sisi hatujakifanya.

Suala la ratiba nawaachia LINAFOOT, ila niliseme kidogo kwa kuwa limeshikamana na jezi. Katika banda la video lililo karibu na shule yetu kuna ubao, na mwenye banda huandika juu yake kwa chaki mechi za Ulaya za Jumamosi na Jumapili tangu katikati ya wiki. Sehemu ya chini ya ubao ameiacha kwa ajili ya mechi za hapa, na mara nyingi hubaki tupu mpaka asubuhi ya mechi yenyewe, kwa sababu saa imebadilishwa au siku imeahirishwa. Hakuna mtoto atakayemwomba mama yake jezi ya timu ambayo hajui inacheza lini.

Kwenu marais wa timu, nina neno la heshima na la wazi. Mmetoa fedha zenu, na wengine wenu mmetoa nyingi. Bila ninyi baadhi ya timu hizi zisingekuwapo leo, na mtu asiyelikubali hilo hasemi haki. Moïse Katumbi ameiongoza Mazembe tangu mwaka 1997, na uwanja wa Kamalondo uliofunguliwa mwaka 2011 ni kazi inayoonekana kwa macho. Hata hivyo timu inayosimama kwa mfuko wa mtu mmoja hutikisika mtu huyo akiugua, akichoka, akisafiri au akigombana na wakubwa, na historia ya mpira wa Kongo imejaa majina ya timu zilizozimika namna hiyo. Jezi inayouzwa kwa watu elfu kumi ni watu elfu kumi walioshika nguzo moja ya nyumba. Kila mmoja ametoa kidogo, na kila mmoja anahisi ana sauti. Nafahamu kwamba jezi peke yake haitalipa mishahara ya wachezaji, lakini itaanza kumtoa mshabiki kwenye nafasi ya mtazamaji anayesubiri kupewa tiketi ya bure na kumweka kwenye nafasi ya mwenye timu.

Njia ya kulifanya jambo hili ipo, na watu wake wapo. Kila mwaka kabla ya shule kufunguliwa mwezi Septemba, mafundi wa cherehani wa Lubumbashi hushona sare za buluu na nyeupe za maelfu ya wanafunzi, wengine wakikesha barazani kwa taa ya betri umeme ukikatika, na sare hizo hufika kila mtaa kwa bei ambayo wazazi huilalamikia lakini huilipa. Mafundi hao wanaweza kushona jezi. Wanachokosa ni vitu vichache vinavyojulikana. Kitambaa chepesi kinachopitisha jasho hakipatikani hapa kwa bei ya jumla. Mashine za kushona kitambaa kinachovutika bila kukikunja ni chache. Na zaidi ya yote hawana ruhusa ya kutumia nembo, kwa hiyo fundi anayejaribu leo anafanya kazi kwa kujificha, akiiga mamba wa Mazembe kutoka kwenye picha ya simu, na matokeo yake ni zile herufi zinazobanduka. Klabu ikimpa fundi kibali cha maandishi, ikampa mchoro sahihi wa nembo na rangi, na ikachukua asilimia yake kwa kila jezi, fundi hana tena sababu ya kujificha. Kibandiko chenye namba ndani ya shingo ya jezi kitamwonyesha mnunuzi kwamba amenunua iliyo halali na kwamba sehemu ya fedha yake imefika kwenye timu.

Mheshimiwa Gavana anaweza kuisaidia kazi hii kwa kuombea nafuu ya ushuru kwa kitambaa na mashine za mafundi waliosajiliwa, nafuu itakayobanwa na hesabu ili isiwe mlango wa wafanyabiashara wengine. Mheshimiwa Meya anaweza kutenga meza katika Soko la Kenya, Njanja na soko la Mzee Kabila kwa ajili ya jezi halali za timu nne za mji, bila ya tozo za kila siku katika mwaka wa kwanza. FECOFA inaweza kulifanya jambo hili kuwa sharti la leseni ya klabu, kwamba kila timu ya daraja la kwanza iwe na jezi ya mtoto inayouzwa hadharani kabla ya msimu kuanza. Naomba ninyi nyote msimsahau msichana. Baada ya ushindi wa Morocco wanafunzi wangu wa kike walitaka jezi yenye majina ya wachezaji wa kike wa Mazembe, na katika masoko yote niliyoyataja hakuna hata muuzaji mmoja aliyewahi kuiona. Wanawake hao walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka 2024, na msichana wa Katuba anayetaka kuwaiga hana budi kuvaa jina la mwanamume wa Ulaya.

Timu za Lubumbashi Sport na Don Bosco nimezitaja mwanzoni kwa makusudi. Mkilifanya jambo hili kwa wakubwa wawili peke yao, tutakuwa tumelikuza lile gawanyiko ambalo wazazi wanaliogopa. Mtoto apewe timu zaidi ya mbili za kuchagua, na shule ziruhusiwe kuvaa jezi za timu zote nne katika mashindano yao ya ndani, darasa moja likiwa Lupopo, jingine Mazembe, jingine Sport, jingine Don Bosco, zikibadilishana mwaka unaofuata. Aliyevaa rangi ya mpinzani mwaka uliopita ni vigumu kumrushia jiwe mwaka huu.

Ninawaomba, kabla ya msimu ujao kuanza, mwite kikao kimoja hapa hapa Lubumbashi, mkae pamoja na marais wa timu hizo nne, wawakilishi wa mafundi wa cherehani, wauzaji wa masoko niliyoyataja, walimu, na ofisi ya michezo ya jimbo. Mheshimiwa Waziri, kama kazi za Kinshasa hazitakuruhusu kufika, tunaomba umtume mtu mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Kwa upande wetu, wazazi wa shule yetu wamekubali kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu ili kila mtoto wa timu ya shule apate jezi ya timu ya mji aliyoichagua mwenyewe. Orodha ya majina, timu na saizi tumekwisha kuiandika, na nitakuja nayo kikaoni.

Pokeeni salamu zangu za heshima.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Komini ya Katuba, Lubumbashi